Kanuni kama Kauli: Imani za Wabunifu na Ujumbe wa Michezo kutoka Ubao hadi Skrini, 1904–2018

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna imani binafsi za wabunifu zinavyojenga ujumbe wa michezo ya kompyuta. Hoja yake kuu ni kwamba imani ya mbunifu haikai hasa katika hadithi, picha au maneno yanayosomwa kwenye skrini, bali katika kanuni: kile ambacho mchezo unakihesabu, kile unachokituza na kile usichokiruhusu kabisa. Hoja hiyo inajengwa kwa kufuatilia mchezo mmoja wa ubao uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1904, kisha michezo ya kompyuta ya Missile Command (1980), Ultima IV (1985), Balance of Power (1985) na SimCity (1989), na hatimaye mchezo wa Salaam wa Lual Mayen, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Visa hivyo vinaonesha kwamba kanuni inaweza kudumu baada ya imani iliyoizaa kufutwa, na kwamba mbunifu anaweza kueneza imani ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Kwa sababu hiyo, sera inayopima umahalia wa mchezo kwa lugha ya maneno yake pekee inapima sehemu ndogo ya kile kinachomfikia mtoto.

1. Utangulizi

Katika bao la Kiswahili, kete ikishaingia ubaoni haitoki tena. Kete inayoliwa haiwekwi kando kama inavyofanyika katika sataranji; hupandwa upya upande wa aliyeila, nayo huweza kurudi kwa mwenyewe wa awali kabla mchezo haujaisha. Msomaji wa kanuni hiyo anaweza kushawishika kuona ndani yake falsafa nzima ya mali: kwamba mali haipotei bali huhama mikono, na kwamba si kwa bahati awamu ya pili ya mchezo huo inaitwa mtaji. Hata hivyo, aliyeibuni kanuni hiyo hajulikani, wala hapana maandishi yake yanayoeleza nia yake. Falsafa hiyo yaweza kuwa ya jamii iliyoulea mchezo. Yaweza pia kuwa ya msomaji mwenyewe.

Michezo ya kompyuta inampa mwanahistoria nafasi ambayo bao halimpi. Wengi wa wabunifu wake wa mwanzo wanajulikana kwa majina, wameeleza hadharani walichokusudia, na kazi zao zimehifadhiwa kiasi kwamba kauli zao zinaweza kupimwa kwa kanuni walizoziandika. Aidha, hadi katikati ya miaka ya 1980 mchezo mmoja uliweza kuandikwa na mtu mmoja au wawili. Imani ya mtu binafsi ilikuwa na njia fupi ya kufika kwenye skrini, na ni rahisi zaidi kuifuatilia kuliko katika michezo ya leo inayotengenezwa na mamia ya watu.

Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: imani za wabunifu ziliingiaje katika michezo, na ziliishia wapi baada ya michezo hiyo kutoka mikononi mwao? Swali hilo lina uzito wa kisera katika Afrika Mashariki. Michezo mingi inayochezwa kwenye simu na kompyuta za ukanda huu imebuniwa nje yake, na mjadala kuhusu michezo hiyo huelekea haraka kwenye lugha: je, maneno yake yametafsiriwa kwa Kiswahili? Historia inayosimuliwa hapa inaonesha kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, si la kwanza.

2. Mhimili wa uchambuzi

Ujumbe wa riwaya au tamthilia hutafutwa katika yale yanayosemwa na kutendwa na wahusika. Mchezo una wahusika pia, lakini una jambo la ziada ambalo riwaya haina: unampa mchezaji kazi, kisha unampa hukumu. Kwa hiyo uchambuzi huu unauuliza kila mchezo maswali matatu. Swali la kwanza ni kuhusu hesabu: mchezo unahesabu nini, na unaacha nini bila kuhesabiwa? La pili ni kuhusu malipo: mchezaji anatuzwa kwa tendo gani na anaadhibiwa kwa lipi? La tatu ni kuhusu mipaka: ni tendo gani ambalo mchezaji hawezi kulitenda hata akitaka?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kisichowezekana hakionekani. Mchezaji haoni mlango ambao haukuchorwa. Na kama visa vifuatavyo vinavyoonesha, ni katika milango isiyochorwa ndipo imani huweza kukaa muda mrefu bila kuhojiwa.

3. Kanuni mbili za Elizabeth Magie

Historia ya jambo hili inatangulia kompyuta. Elizabeth Magie, mwanamke wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1866 na kufanya kazi ya hatimkato, alikuwa mfuasi wa Henry George, mwanauchumi ambaye kitabu chake cha mwaka 1879 kilidai kwamba umaskini katikati ya maendeleo unatokana na watu wachache kumiliki ardhi na kula kodi yake bila kuitolea jasho. Dawa aliyoipendekeza George ilikuwa kodi moja juu ya thamani ya ardhi, ili faida ya ardhi irudi kwa umma.

Tarehe 5 Januari 1904 Magie alipewa hataza ya mchezo wa ubao aliouita The Landlord's Game. Wachezaji walizunguka ubao wakinunua viwanja na kulipana kodi. Aliyepita kwenye pembe ya kuanzia alipokea ujira, na maandishi ya pembe hiyo yalieleza kwamba ujira huo ni zao la kazi ya binadamu juu ya ardhi. Baadaye Magie aliambatanisha seti mbili za kanuni. Katika seti ya kwanza, mshindi ni yule anayewafilisi wenzake. Katika ya pili, kodi ya ardhi huingia katika hazina ya umma, na mchezo hukamilika pale mchezaji mwenye fedha chache kuliko wote anapokuwa ameongeza maradufu kiasi alichoanza nacho. Ubao ulikuwa uleule na fedha zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni hukumu. Magie alitaka wachezaji wacheze kwa namna zote mbili, walinganishe, na watambue wenyewe kwamba ufukara wa seti ya kwanza haukuletwa na uzembe wa mtu bali na kanuni.

Mchezo ulisambaa kwa kunakiliwa kwa mkono kutoka familia hadi familia na chuo hadi chuo, na katika safari hiyo seti ya pili ilidondoka. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza Monopoly, iliyonunuliwa kutoka kwa Charles Darrow kana kwamba ndiye aliyeibuni. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilinunua hataza ya Magie kwa dola 500, bila mrabaha. Magie alifariki mwaka 1948. Mchango wake ulifufuliwa hadharani kuanzia miaka ya 1970, pale mwanauchumi Ralph Anspach, aliyeshtakiwa kwa mchezo wake wa kupinga ukiritimba, alipochimba asili ya Monopoly ili kujitetea mahakamani.

Kisa hiki kinatoa funzo la kwanza. Mchezo uliobuniwa kukosoa umiliki wa ardhi uligeuka kuwa sherehe yake bila kuhitaji kubadilisha ubao. Ilitosha kuondoa nusu ya kanuni. Imani ya mbunifu ilikuwa imefungwa katika ulinganisho wa hukumu mbili. Hukumu moja ilipobaki peke yake, ilianza kusema kinyume cha alichokiamini.

4. Kukataa kushambulia: Missile Command

Miaka zaidi ya sabini baada ya hataza ya Magie, suala lilelile lilijitokeza katika mashine za kutumbukiza sarafu. Dave Theurer alipewa na kampuni ya Atari kazi ya kubuni mchezo wa kuzuia makombora. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na hofu ya shambulio la nyuklia ilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Theurer ameeleza katika mahojiano kwamba alishikilia sharti moja: mchezaji atajilinda tu, hatashambulia. Ameeleza pia kwamba katika kipindi cha kuutengeneza mchezo huo aliandamwa na ndoto za milipuko ya nyuklia katika eneo la California alikoishi.

Sharti hilo linaonekana katika mipaka ya mchezo. Chini ya skrini kuna miji sita na vituo vitatu vya kurushia makombora ya kujihami. Mchezaji hana adui wa kumlenga. Hakuna nchi upande wa pili, wala ramani ya kumlipizia kisasi. Mwisho wa kila wimbi, alama huongezwa kwa kila mji uliosalia na kwa kila kombora ambalo halikutumika. Kinachohesabiwa, kwa hiyo, ni kilichookolewa na kilichobanwa matumizi. Na hapana wimbi la mwisho. Makombora huongeza kasi hadi miji yote iishe, na badala ya tangazo la kawaida la kumalizika kwa zamu, skrini hulipuka na kutamka neno la mwisho, kana kwamba kilichokwisha ni ulimwengu wenyewe.

Imani ya Theurer haikuhubiriwa. Mchezo hauna hata sentensi moja inayosema kwamba vita vya nyuklia havina mshindi. Mchezaji anaifikia hoja hiyo kwa mikono yake, kwa kuwa amepewa kazi isiyoweza kufaulu. Wengi walioucheza walitafuta alama tu, na makala haidai vinginevyo. Lakini hata huyo mtafuta alama hakuweza kushambulia.

Uzito wa hiari ya mbunifu unaonekana zaidi kwa kulinganisha na tukio lililofuata katika kampuni hiyohiyo. Mchezo wa Battlezone wa mwaka 1980, ulioongozwa na Ed Rotberg, uliwavutia watu wenye uhusiano na jeshi la Marekani, na Atari ikatakiwa kuugeuza kuwa chombo cha mafunzo ya askari wa magari ya Bradley. Rotberg alipinga. Hatimaye alikubali kuandika mfano wa awali kwa ahadi kwamba hatatakiwa tena kufanya kazi ya kijeshi. Theurer aliweza kuiweka imani yake ndani ya kanuni. Rotberg aliweza kuieleza tu nje yake. Tofauti kati yao haikuwa nguvu ya imani, bali ni nani aliyeagiza kazi.

5. Mwaka 1985: wema na amani kama hesabu

Mwaka 1985 ulizaa michezo miwili ambayo wabunifu wake walikusudia waziwazi kuweka maadili katika mfumo wa hesabu.

Wa kwanza ni Ultima IV wa Richard Garriott. Michezo yake ya awali ilifuata desturi ya aina hiyo: shujaa hupata nguvu, humuua mwovu mkuu, mchezo ukaisha. Baada ya kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Origin Systems, Garriott alianza kupokea moja kwa moja barua za wachezaji na wazazi. Baadhi zilimtuhumu kwamba anaeneza ushetani. Nyingine zilimwonesha kwamba wachezaji walishinda kwa kuiba madukani na kuwaua wanakijiji ambao hawakuwa na hatia. Aligundua kwamba kanuni zake mwenyewe zilikuwa zimewatuza kwa hilo.

Jibu lake lilikuwa mchezo usio na mwovu mkuu. Lengo la Ultima IV ni mchezaji kuwa mfano wa fadhila nane, zikiwemo uaminifu, huruma, haki na unyenyekevu, zilizojengwa juu ya misingi mitatu ya kweli, upendo na ujasiri. Garriott hakuzichukua kutoka katika dini moja. Alitaka maadili ambayo mtu wa imani yoyote angeweza kuyakubali. Mchezo uliweka kumbukumbu ya matendo bila kumwonesha mchezaji hesabu. Muuza dawa kipofu humwachia mnunuzi aweke mwenyewe kiasi cha fedha. Anayempunja huondoka na dawa zake bila kushtuliwa na yeyote, lakini uaminifu wake umekwisha kupungua katika daftari asiloliona.

Ubunifu huo ulikuwa na dosari yenye mafunzo. Sadaka kwa ombaomba iliongeza huruma hata ikiwa ni sarafu moja, na mchezaji mwerevu aliweza kuirudia hadi afikie kiwango kinachotakiwa. Fadhila iliyogeuzwa kuwa idadi ilianza kufuata tabia za idadi. Mbunifu aliamini katika huruma; kanuni ilitambua tu tendo la kutoa.

Wa pili ni Balance of Power wa Chris Crawford, uliotolewa kwa kompyuta ya Macintosh. Mchezaji ni Rais wa Marekani au Katibu Mkuu wa chama tawala cha Kisovieti. Hutuma silaha, misaada na askari katika nchi nyingine, na mpinzani huweza kulalamika. Malalamiko yakipanda ngazi, mmoja lazima arudi nyuma na kupoteza heshima. Wasiporudi nyuma wote wawili, vita vya nyuklia huzuka. Hapo skrini huwa nyeusi. Maandishi machache humweleza mchezaji kwamba amesababisha vita, na kwamba hataoneshwa picha ya mlipuko kwa kuwa mchezo hautuzi kushindwa. Crawford alikusudia mchezo wa kupinga vita, na alielewa kwamba mlipuko mzuri wa kuangalia ungekuwa zawadi hata kama maneno yangeulaani.

Hata hivyo, swali la mipaka linafunua imani nyingine ambayo haikutangazwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika mchezo huu nyasi zina majina na takwimu, lakini ni tembo wawili tu wenye mikono. Nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ni mahali ambapo mambo hutokea. Haziwezi kukataa silaha, kuungana, au kufuata siasa ya kutofungamana na upande wowote, ambayo wakati huo ilikuwa msimamo rasmi wa mataifa mengi ya bara hili. Toleo la baadaye liliongeza ngazi ambamo nchi nyingine nazo ziliweza kuanzisha vita. Hiyo ilikuwa hatua ya kukiri kasoro, ingawa inastahili kuzingatiwa kwamba uwezo wa kwanza ambao nyasi zilipewa ulikuwa wa kupigana. Mbunifu aliyeandika mchezo wa amani kwa dhati aliandika pia, bila kukusudia, ulimwengu wa wakubwa wawili.

6. Imani isiyojitambulisha: SimCity

Kisa cha Will Wright kinahusu imani iliyoazimwa. Alipokuwa akitengeneza mchezo wa helikopta ya kivita uliotolewa mwaka 1984, Wright aligundua kwamba alifurahia kujenga visiwa kuliko kuvilipua. Kutokana na hilo alianza kazi ya SimCity, uliotolewa na kampuni ya Maxis mwaka 1989. Katika kutafuta namna ya kuufanya mji uishi, alisoma kazi za Jay Forrester, mhandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts ambaye mwaka 1969 alichapisha kielelezo cha kihesabu cha ukuaji na udumavu wa miji. Kielelezo hicho kilizua ubishi mkubwa, hasa kwa hitimisho kwamba kujenga makazi ya watu wa kipato cha chini kunaweza kuuzidishia mji matatizo.

Si sahihi kusema kwamba SimCity ni kitabu cha Forrester kilichochorwa. Wright aliongeza mawazo mengi yake mwenyewe. Lakini alirithi mtazamo wa msingi: mji ni mfumo unaotazamwa kutoka juu na mtu mmoja, unaoongozwa kwa viwango vya kodi na mgawanyo wa ardhi. Mchezaji hupanga maeneo ya aina tatu, yaani makazi, biashara na viwanda, na kila kipande kina aina moja tu. Reli haichafui hewa, na mji unaweza kustawi bila barabara hata moja. Hapo upendeleo wa mbunifu kwa usafiri wa umma unaonekana waziwazi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, mlango ambao haukuchorwa unaonekana mara moja. Katika miji hiyo nyumba hutazama barabara kwa fremu ya duka, uani mna cherehani au karakana ya useremala, na jioni mama lishe huweka meza mbele ya ukuta huohuo. Makazi, biashara na kiwanda vimo katika kiwanja kimoja. SimCity ya mwaka 1989 haikukataza nyumba hiyo. Haikuwa na neno la kuitaja. Mchezaji aliyeujenga mji huo kwa miezi hangekutana na amri yoyote dhidi ya biashara ndogo, lakini angezoea kuamini kwamba mji uliopangwa ni mji uliotenganishwa. Imani hiyo ina historia ndefu katika mipango miji ya kikoloni na baada yake, na wachuuzi wanaohamishwa mara kwa mara wanaijua kwa majina mengine.

Theurer, Garriott na Crawford walijua walichokiamini na wakakitafutia kanuni. Kisa cha SimCity kinaonesha kwamba kanuni huweza kubeba pia yale ambayo mbunifu ameyachukulia kuwa hali ya kawaida ya dunia. Hayo ndiyo magumu zaidi kuyaona, na ndiyo yanayosafiri mbali zaidi.

7. Kutoka kambini: Salaam

Kisa cha mwisho kinaurudisha mjadala Afrika Mashariki. Lual Mayen alizaliwa wakati familia yake ikikimbia vita katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Ameeleza hadharani kwamba mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, na kwamba alijifunza mwenyewe kuandika programu. Baadaye alihamia Marekani na kuanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 alitambuliwa katika hafla ya The Game Awards kwa kazi yake.

Mchezo wake, Salaam, ambao jina lake ni amani, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia hatari kuelekea mahali salama. Mchezaji hapewi bunduki. Anachopungukiwa ni chakula, maji na dawa. Mayen aliubuni ili mchezaji anaponunua mahitaji hayo ndani ya mchezo, fedha hiyo iwafikie wakimbizi halisi kupitia mashirika ya misaada.

Ukiulizwa maswali matatu, Salaam unatoa majibu yanayotofautiana na ya michezo mingi ya vita. Unahesabu maji na si maadui. Unatuza kufika salama. Hauruhusu kuua. Aidha, kanuni ya ununuzi inavuka mpaka ambao visa vingine havikuuvuka: tendo la ndani ya mchezo linakusudiwa kuwa tendo la nje pia. Katika michezo mingi mkimbizi ni mandhari tu, mtu anayepita nyuma ya shujaa. Hapa aliyewahi kuwa mandhari ndiye aliyeandika hesabu. Kama nyasi za Crawford zingepewa nafasi ya kubuni mchezo wao, yaelekea swali lao la kwanza lingefanana na hili: ni umbali gani hadi kwenye maji?

8. Mjadala

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mchezaji hatawaliwi na mbunifu, hucheza apendavyo. Ni kweli, na kisa cha sadaka ya sarafu moja kinathibitisha. Lakini uhuru wa mchezaji ni uhuru ndani ya yanayowezekana. Anaweza kuipuuza huruma ya Garriott. Hawezi kujenga nyumba yenye duka katika mji wa Wright.

Ya pili ni kwamba kauli za wabunifu hutolewa baadaye, na mtu huweza kujipamba. Ndiyo sababu makala hii imezipima kauli hizo kwa kanuni zenyewe. Kauli ya Theurer inaaminika kwa kuwa mchezo wake hauna kitufe cha kushambulia. Nia njema ya Crawford nayo inathibitishwa na skrini nyeusi, lakini orodha ya wenye mikono inaonesha kikomo chake.

Ya tatu ni kwamba michezo ya leo hutengenezwa na timu kubwa, hivyo imani ya mtu mmoja haina nafasi. Pingamizi hili linabadilisha sura ya swali badala ya kulifuta. Pale ambapo wengi huandika, imani inayobaki ni ile ambayo hakuna aliyeona haja ya kuijadili, au ile ya anayelipa, kama Rotberg alivyobaini.

9. Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaruhusu mahitimisho matatu. Imani ya mbunifu huishi katika kanuni kuliko katika maneno. Kanuni huweza kutenganishwa na imani hiyo na kutumikia imani nyingine, kama ilivyomtokea Magie. Na kanuni hubeba pia imani ambazo mbunifu hakujua kwamba anazo.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa kwa watunga sera wa ukanda huu. Kwanza, mchezo unaopendekezwa kwa shule usipimwe kwa lugha pekee. SimCity iliyotafsiriwa kwa Kiswahili fasaha bado ingekuwa haina nyumba yenye fremu. Maswali ya hesabu, malipo na mipaka yaulizwe kabla ya mkataba, na majibu yake yaandikwe.

Pili, Kiswahili kitumike kubunia kanuni na si kutafsiria vitufe tu. Msamiati wa bao, kwa mfano kunamua, kutakata, nyumba na mtaji, unathibitisha kwamba lugha hii imekuwa ikitaja mifumo tata ya kanuni bila kuazima. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zina hazina ya kuanzia, endapo istilahi za ubunifu wa michezo zitajengwa juu ya yale ambayo wachezaji wa barazani wanayajua.

Tatu, ruzuku kwa wabunifu vijana iambatane na ulinzi wa haki zao. Magie aliuza hataza yake kwa dola 500 na pamoja nayo alipoteza uwezo wa kudai kwamba seti ya pili ya kanuni ichapishwe. Mbunifu asiyemiliki kanuni zake hana namna ya kuilinda imani iliyomo.

Nne, kauli za wabunifu wa Afrika Mashariki zikusanywe na kuhifadhiwa wangali hai, pamoja na nakala za michezo yao zinazoweza kuchezwa. Kwa bao, nafasi hiyo ilikwisha kupita: kanuni zimebaki, aliyeziandika hajulikani, na kila mtafiti hulazimika kukisia aliamini nini. Michezo inayobuniwa leo katika vyumba vya kupanga vya Nairobi, Kampala na Kigali haijafikia hali hiyo bado.